Sunburst: Roki ya Kiswahili iliyopata santuri Zambia

Kwa mtu wa Sumbawanga, Zambia ni jirani wa karibu. Walungu na Wamambwe wana ndugu pande zote mbili za mpaka, ilhali kwenda Dar es Salaam ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000. Huko Zambia ndiko Sunburst, bendi ya Dar es Salaam iliyopiga roki kwa Kiswahili, ilikopata albamu yake ya pekee, Ave Africa, mwaka 1976.

Sunburst ilianza mwaka 1970, nyakati ambazo gitaa la kelele lilitazamwa kwa jicho kali. Alipounda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi walijua zaidi rock 'n' roll na twist kuliko ngoma za gombe sugu na lele mama. Tarehe 12 Novemba 1969, Mkuu wa Mkoa wa Pwani, Mustafa Songambele, akapiga marufuku muziki wa soul katika mkoa wake, uliojumuisha Dar es Salaam wakati huo.

Jibu la Sunburst lilitoka jukwaani. Mwimbaji James Mpungo, mpiga gitaa Hembi Flory Kongo na wenzao walichanganya soul, funk na roki na midundo ya nyumbani, wakaimba Kiswahili na Kiingereza.

Kuimba roki kwa lugha ya nyumbani hakukuwa na kikwazo kilekile kila mahali. Kule Belarus, bendi ya Mroja iliyoanzishwa Minsk mwaka 1981 ilikabiliwa na ugumu wa namna nyingine: iliimba Kibelarusi katika jiji lililotawaliwa na Kirusi. Sunburst haikuhitaji kuitetea lugha yake, kwani Kiswahili kilikuwa tayari na dola nyuma yake. Ilichokosa ni mashine.

Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi kwenye tepu na kuzirusha nchi nzima, lakini nchi haikuwa na kiwanda cha santuri. Wanamuziki wengi walitegemea Nairobi. Zambia, yenye fedha za shaba, ilikuwa na kiwanda chake Ndola, na vijana wa bendi za WITCH na Musi-O-Tunya walikuwa wamekwisha kuyazoesha masikio ya watu gitaa zito. Mgeni kutoka Tanzania alikuta soko limeandaliwa. Ave Africa ikatoka chini ya lebo ya Kitwe Music Parlour, kwenye Ukanda wa Shaba.

Ilichukua miaka 40 kabla ya kampuni ya Strut ya London kuitoa upya albamu hiyo, mwaka 2016, pamoja na rekodi nyingine za kuanzia 1973. Leo kijana wa Sumbawanga anaweza kuisikiliza kwenye simu. Viongozi wa enzi ile walidai muziki wa taifa kwa hotuba na kwa marufuku; vijana walipouleta, wakalazimika kuvuka mpaka kutafuta wa kuutia kwenye santuri.