Lenzi Kabla ya Wati

Anayetaka kuboresha mashine ndogo ya kukatia kwa leza hukimbilia kuongeza wati. Historia ya ufundi huu yaelekeza kwingine: kwenye lenzi. Mwaka 1964 Kumar Patel, katika maabara za Bell huko Marekani, aliunda leza ya kaboni dioksidi, yenye mwale wa urefu wa wimbi wa takriban mikromita 10.6. Kioo cha kawaida huufyonza mwale huo badala ya kuupitisha, hivyo utajiri wote wa lenzi za kamera na darubini haukufaa kitu. Ilibidi kutumia mata nyingine, kama germani na zinki selenidi, hii ya manjano wanayoijua mafundi wa leo.

Wapo watakaosema kwamba Peter Houldcroft alipokata bati la chuma Uingereza mwaka 1967, kwa leza iliyosaidiwa na mkondo wa oksijeni, ushindi ulikuwa wa oksijeni. Ni kweli, oksijeni iliongeza joto na kupeperusha chuma kilichoyeyuka. Lakini chuma hakiungui mpaka mwale uliokusanywa na lenzi ukipashe moto kwanza. Ukipunguza kwa nusu kipenyo cha nukta ambamo mwale hukusanyika, nguvu kwa kila kipande cha eneo huongezeka mara 4, bila kugusa mrija wa leza wala umeme. Nukta ndogo hupatikana kwa lenzi fupi, yaani yenye umbali mfupi kutoka lenzi hadi nukta hiyo; hata hivyo lenzi fupi haifai kila kazi. Ya milimita 38.1 huchora herufi ndogo kwa usafi, ila mwale wake hutawanyika upesi; kwa akriliki nene, ya milimita 101.6 huacha ukingo ulionyooka zaidi.