Waifai ikizimwa, swichi ni ya nani?

Wasee, kabla mniulize tena kwa nini niliacha chuo, acha niwaambie vile nilipoteza kazi yangu ya kwanza ya kuhariri video. Nilikuwa nimenunua laptopu kuukuu hapa Eldoret, nikaiwekea Linux juu Windows ilikuwa inaielemea. Usiku wa kutuma video, waifai ikagoma. Niliandika amri hadi saa nane. Asubuhi fundi akapitisha kidole ubavuni mwa mashine, akasukuma kaswichi kadogo. Waifai hiyoo. Mteja alikuwa ashapata mtu mwingine.

Hako kaswichi kana historia. Zamani kila kampuni ya laptopu ilijifanyia lake: swichi ya huyu inakata redio yenyewe, kitufe cha yule kinatuma tu ujumbe kwa programu. Mwaka 2007 Ivo van Doorn, mwandishi wa draiva za waifai, akaingiza rfkill kwenye kerneli ya Linux, toleo 2.6.22, ili redio zote zizimwe kwa njia moja. Swali likabaki: ukibonyeza kitufe, nani anaamua kizime nini, kerneli ama programu zako?

2009 Johannes Berg akaiandika upya, ikatoka na toleo 2.6.31. Hapa ndipo mimi huvua kofia. Kufuli ni mbili. Ile laini ni ya programu, zinaifunga na kuifungua kupitia /dev/rfkill. Programu ikitaka kuamua yenyewe kitufe kizime nini, inaiambia kerneli ikae kando. Ile ngumu ni ya swichi yenyewe. Kerneli inaripoti tu kwamba imefungwa; hata ukiwa na mamlaka yote kwenye mashine, rfkill haitakufungulia. Ndiyo maana amri zangu zote usiku ule zilikuwa kazi bure.

Nilikasirika, sikatai. Lakini kumbuka 30 Januari 2018, siku Raila alijiapisha Uhuru Park. Citizen, NTV na KTN zilizimwa. Ungebonyeza rimoti mpaka betri iishe. Swichi ilikuwa kwa mtu mwingine, na hukuwa na kerneli ya kukuambia ni kufuli gani imefungwa.

Laptopu nyingi za siku hizi zimetoa kaswichi, zimebaki na kitufe cha kuomba programu izime. Yangu imechakaa, bawaba moja imevunjika, lakini siiuzi.