Ndugu wa Tumbo Moja: Kisa cha Nyota za Omega Centauri

Katika usiku wa Mei usio na mbalamwezi, atazamaye anga ya kusini kutoka mwambao wa Afrika Mashariki huweza kuona, karibu na Salibu, nukta hafifu ya mwanga ndani ya kundinyota la Kantarusi. Ptolemaio wa Iskandaria, katika karne ya 2, aliiorodhesha kuwa nyota moja. Mwaka 1603 Johann Bayer aliipa herufi ya Kigiriki, kama nyota nyinginezo. Ndipo ikaitwa Omega Centauri. Mwaka 1677 Edmond Halley, kijana wa miaka 20 aliyekwenda kisiwa cha St Helena kuorodhesha nyota za kusini, aliielekezea darubini akaona si nyota, bali wingu la mwanga. Karne ya 19 ikabainisha kuwa wingu lile ni fungunyota tufe: halaiki ya nyota, ambazo leo hukadiriwa kufikia milioni 10, zilizoshikamana kwa uvutano wao wenyewe.

Dhana ya kale ikaondoka, nyingine ikashika nafasi yake. Katika karne ya 20 wanafalaki walikubaliana kwamba nyota zote za fungunyota tufe ni ndugu wa tumbo moja: zimezaliwa wakati mmoja, katika wingu moja la gesi. Kauli hiyo ilikuwa na kipimo chake. Zikipangwa katika mchoro kwa rangi na mng'aro, nyota za asili moja hufuata mstari mmoja mwembamba.

Omega Centauri haikutii. Mwaka 1973 Cannon na Stobie waligundua kwamba mstari wa majitu yake mekundu, yaani nyota kongwe zilizovimba, umetanuka. Mwaka 1975 Freeman na Rodgers walikuta kiasi cha kalsiamu kikitofautiana baina ya nyota zake. Lakini ilihesabiwa kuwa ya kipekee, na kanuni ikaachwa isimame.

Mwaka 2004 darubini ya Hubble ilionyesha kuwa hata nyota zake changa kwa hatua za maisha zimegawanyika katika mistari miwili. Mwaka uliofuata, Giampaolo Piotto na wenzake walikuta mstari wa buluu, uliotarajiwa kuwa fukara wa metali, ndio wenye metali zaidi. Maelezo yaliyobaki yalikuwa wingi wa heliamu. Mwaka 2007 NGC 2808, fungunyota tufe jingine, likaonyesha mistari mitatu. Upekee ukakoma kuwa hoja.

Ushahidi mwingine ulitoka katika NGC 6752. Mwaka 2001 Raffaele Gratton na wenzake walikuta nyota ndogo zenye sodiamu nyingi na oksijeni haba. Nyota ndogo hazina joto la kupika sodiamu hiyo ndani yake. Basi zimeirithi kutoka kwa nyota nyingine zilizotangulia, au zilizokuwa nzito kuliko hizo.

Nyota hizo za mwanzo ni zipi? Wengine hutaja majitu yaliyotema gesi yakikaribia kufa. Wengine, nyota nzito zizungukazo kwa kasi. Wengine, nyota zenye uzito wa maelfu ya majua. Kila jibu hueleza sehemu na kushindwa kwingine. Hata neno "vizazi" hutumiwa kwa tahadhari, kwani katika mafungunyota mengi tofauti ya umri haijapimika. Undugu wa nyota hizo unaonekana wazi. Nasaba yake bado inatafutwa.