Vinson: Mlima au Kilele?

Majina ya mahali pasipokaliwa na watu hayana wenyeji wa kuyatetea. Hutegemea uangalifu wa wanaoyaandika na kuyafasiri. Mfano mmoja ni Vinson, mahali pa juu kuliko pote katika bara la Antaktika, kiasi cha kilomita 1,200 kutoka Ncha ya Kusini.

Safu ya Sentinel, iliyo na Vinson, ilionwa mwaka 1935 na Mmarekani Lincoln Ellsworth alipokuwa akivuka bara hilo kwa ndege. Vinson yenyewe haikutambuliwa mpaka mwaka 1958, marubani wa Jeshi la Wanamaji la Marekani walipoiona. Ikapewa jina la Carl Vinson, mbunge kutoka jimbo la Georgia, aliyeunga mkono uchunguzi wa Antaktika. Waliofika juu kwanza, Desemba 1966, ni Wamarekani walioongozwa na Nicholas Clinch.

Kimo chake nacho kimesahihishwa mara kadhaa. Makadirio ya awali yalikuwa meta 5,140. Upimaji wa baadaye ulitoa 4,897, na ule wa mwaka 2004 ukatoa 4,892. Mwalimu anakiliye atlasi ya zamani huongeza karibu meta 250 zisizokuwapo.

Suala la istilahi ni gumu zaidi. Mwaka 2006 kamati ya Marekani ya majina ya Antaktika ilitenganisha vitu viwili: umbo zima, lenye urefu wa kilomita 21 hivi na upana wa 13, na ncha yake ya juu kabisa. Katika jina la Kiingereza la ncha hiyo mna neno ambalo tumezoea kulifasiri ‘mlima’. Basi mfasiri afuataye mazoea ataiita ncha ‘mlima’, kisha akose neno la kuliita umbo zima.

Upungufu huo si wa Kiswahili. Sisi husema Mlima Kilimanjaro kwa maana ya umbo zima, na Kibo na Mawenzi tukaviita vilele. Kwa kanuni hiyo hiyo, yafaa umbo zima liitwe Mlima Vinson, na ncha yake Kilele cha Vinson. Hivyo meta 4,892 zitakuwa za kilele, na kilomita 21 zitakuwa za mlima. Wala mwanafunzi hatalazimika kubahatisha aliulizwa kipi.