Jina la kampuni: mambo historia ya Likasi inatufundisha



Tukimaliza licence, wengi wetu tunafungua kitu kidogo: shamba la mahindi, kuku, duka la mbegu. Kisha swali linakuja: tuite namna gani? Katika kundi letu la watu wanne, swali hili limeleta magomvi. Mwenzetu aliyetoa nusu ya mtaji anataka duka la mbegu libebe jina la familia yake. Sheria ya OHADA, inayofanya kazi kwetu tangu Septemba 2012, inaruhusu jina la mshirika liingie katika jina la kampuni. Sheria inakataza tu kuchukua jina la kampuni nyingine iliyokwisha kuandikishwa. Kwa hiyo sheria haitatukatia neno. Mi nimeenda kuuliza historia ya muji wetu.

Bazee wetu walikaa Jadotville. Jean Jadot alikuwa injinia Mbelgiji, mkubwa wa Société Générale de Belgique, na mmoja wa wale walioanzisha Union Minière du Haut-Katanga mwaka 1906. Shaba ilitoka katika udongo huu, lakini muji ukaitwa kwa jina la mwenye feza. Mwaka 1966 serikali ililifuta jina lile, na Likasi, jina la hapahapa, likarudi. Mutu anapita, na jina lake linapita naye.

Sasa tuangalie kampuni yenyewe. Mwanzoni mwa 1967 serikali ilichukua mali ya Union Minière, ikaunda Gécomin, ni kusema Générale Congolaise des Minerais. Ile « co » ya katikati njo Congo. Mwaka 1971 inchi ikaitwa Zaïre, hata Katanga yetu ikageuka Shaba. Gécomin haikuweza kubaki na Congo ndani yake. Ikawa Gécamines: Générale des Carrières et des Mines. Machimbo na migodi, basi.

Mwaka 1997 Zaïre ikaisha. Kampuni ya reli, SNCZ, ikalazimika kugeuza herufi moja ya mwisho, ikawa SNCC. Lakini Gécamines haikugusa kitu katika kile kifupi chake, kwa sababu kinataja kazi, hakitaji utawala. Imepita shida nyingi sana, lakini hata mtoto wa Panda au Shituru analijua jina lile.

Mfano mwingine uko Lubumbashi, na wapenzi wa mupira wanaujua. Timu iliyoanzishwa na wamisionari Wabenedikto mwaka 1939 kwa jina la Saint-Georges ilikuja kuitwa Englebert, jina la kampuni ya mipira ya gari iliyoitegemeza. Kwa jina lile ilishinda kombe la Afrika mwaka 1967 na 1968. Leo tunaimba Mazembe. Uliza vijana kama wanajua Englebert ilikuwa inauzisha nini.

Kwetu wa kilimo jambo hili ni la lazima zaidi. Mkulima akipanda mbegu yetu na ikaota vizuri, mwaka kesho atarudi sokoni Kikula kuiomba kwa mdomo. Kama jina ni herufi sita za Kifaransa, atasema « ile ya mufuko wa kijani », na muuzaji atamupa ya mwingine mwenye mufuko wa kijani. Na kama tumeandika jina la mwenzetu, siku akitoka na feza yake, tunafanya nini? Mihuri mipya, mifuko mipya, karatasi za kampuni kubadilishwa, na kuanza tena kuwaeleza wakulima kwamba sisi njo wale wale.

Kwa hiyo neno langu kwa wenzangu watatu liko hivi: jina litaje mbegu na mahali, liwe fupi, mama wa soko aweze kulitamka mara ya kwanza. Mwenye mtaji mkubwa haki yake iandikwe katika statuts, kwa hesabu ya sehemu zake, wala si juu ya mulango. Jumamosi tunapiga kura. Na ninyi ambao mmekwisha kufungua, mliita namna gani, na wateja wenu wanaita namna gani?