Mshono wa Upeo: Bahari kati ya Brashi na Kamera

Picha ya bahari iliyopigwa kwa kamera huchukuliwa kuwa shahidi, na ile iliyochorwa kwa brashi huchukuliwa kuwa msimulizi. Makala hii inapinga mgawanyo huo. Bahari, kwa maumbile yake, haikubali kunakiliwa kwa tazamo moja. Kila aliyeiweka kwenye turubai au karatasi amelazimika kuiunda, na swali la haki la kumuuliza ni ahadi gani ameiweka mbele ya mtazamaji. Kiswahili chenyewe kinatoa mwanga hapa. Watu wa pwani huitaja bahari kwa nyakati na miendo yake: kusi na kaskazi, bamvua na maji mafu, kujaa na kupwa. Yote hayo ni mambo ya muda, ilhali picha ni kitu kilichosimama. Anayeipiga au kuichora bahari anatafuta namna ya kuusimamisha muda bila kuuua, na hapo ndipo uundaji unapoanza.

Ushahidi ulio wazi zaidi unatoka Ufaransa, katika kazi za Gustave Le Gray za miaka ya 1856 hadi 1858. Mabamba ya kioo ya wakati huo, yaliyopakwa kolodioni na kutumiwa yakiwa bado mabichi, yaliathiriwa mno na mwanga wa buluu. Mpigapicha aliyeyapa muda wa kutosha kuyanasa maji aliambulia anga jeupe tupu. Aliyelinasa anga alipata maji meusi yasiyo na umbo. Katika baadhi ya picha zake, ikiwemo ile maarufu ya wimbi kubwa aliyoipiga Sète mwaka 1857, Le Gray alitumia mabamba mawili, moja la mawingu na jingine la maji, akayaunganisha wakati wa kuchapa na kuuficha mshono kwenye mstari wa upeo wa macho. Hila hiyo haikuwa ngeni kwake, kwani alikuwa amesomea uchoraji chini ya Paul Delaroche, na mchoraji hushughulikia anga na maji kila kimoja kwa wakati wake.

Wapo watakaosema kwamba hapo ndipo upigaji picha ulipojisaliti: heshima ya kamera inatokana na mwanga uliogusa kitu chenyewe, na anayeunganisha mabamba anaukata uzi huo. Pingamizi hili lina uzito, hasa tukikumbuka kwamba Le Gray aliwahi kutumia mawingu yale yale juu ya bahari tofauti. Kama kumbukumbu ya siku fulani, picha za aina hiyo hazifai. Lakini bamba moja nalo halikusema kweli, maana anga jeupe lililolitoa halikuonwa na mtu yeyote aliyesimama ufukweni. Isitoshe, picha yake ya jahazi ya mwaka 1856 ilipigwa mchana, jua likiwa nyuma ya mawingu, na bado watazamaji wengi waliiona kama usiku wa mbalamwezi. Kudanganyika kwao hakukuhitaji mshono wowote.

Upande wa brashi, J. M. W. Turner alionyesha mwaka 1842 mchoro wa meli ya mvuke ndani ya tufani ya theluji, na katika anwani yake ndefu akadai kwamba yeye mwenyewe alikuwamo katika dhoruba hiyo. Mchoraji, anayesemekana kuwa huru na deni la ushahidi, ndiye aliyejitangaza kuwa shahidi. Watafiti wameitilia shaka kauli yake. Hata hivyo, shaka hiyo haiupunguzii mchoro uwezo wa kuonyesha jinsi maji, moshi na upepo vinavyopoteza mipaka yao.

Huenda ikajibiwa kwamba Hiroshi Sugimoto, anayepiga picha za bahari tangu mwaka 1980, ameondoa uundaji wote: maji nusu, anga nusu, hakuna zaidi. Lakini huko kuondoa ndiko kuunda kwenyewe. Hakuna chombo, ufukwe wala ndege, rangi zimeachwa, na upeo umewekwa katikati kwa makusudi. Ukimya huo umejengwa kwa uangalifu ule ule uliojenga tufani ya Turner.

Haifuati kwamba kila uunganishaji ni halali. Picha inayotolewa kuthibitisha ajali ya chombo au mmomonyoko wa ufukwe imeahidi mahali na saa. Atakayebandika anga la siku nyingine juu yake amedanganya. Kazi za Le Gray, zilizoonyeshwa na kuuzwa kama sanaa, hazikuahidi hivyo. Kwa hiyo anayezihakiki picha za bahari aanze na ahadi ya picha, kisha aulize chombo kilichotumika. Akianza na chombo, atamsamehe Turner kwa kuwa alishika brashi na kumhukumu Le Gray kwa kuwa alishika kamera, ilhali bahari iliwashinda wote wawili kwa namna moja.