Msikizi, Mkatekumeni, Mwongofu

Jina la Sumbawanga, mji wa Ufipa, ni amri. Wenyeji husimulia kuwa kwa Kifipa "sumba" ni kutupa na "wanga" ni uchawi, hivyo anayeingia mjini anaambiwa: tupa uchawi. Vivyo hivyo, anayebatizwa huulizwa kwanza kama anamkataa Shetani. Kabla ya kukataa huko, hata hivyo, kuna kipindi kirefu cha kusikia, na hapo ndipo msamiati wetu unapopungukiwa.

Mfikirie mwanafunzi aliyepelekwa shule ya Kikatoliki ugenini, na kwao hakuna Mkristo. Anahudhuria Misa, anafanya mtihani wa dini, Salamu Maria anaijua kwa moyo, ila ubatizo hajauomba. Vijana wa Kichina walioko katika shule za namna hiyo huko Marekani wanaijua hali hii. Nasi tunayo kumbukumbu yake. Adrian Atiman alitekwa utumwani akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akakombolewa na wamisionari wa Mapadre Weupe nchini Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, kisha mwaka 1889 akafika Karema, chimbuko la Kanisa la Ufipa. Alitibu na kufundisha dini huko hadi alipofariki mwaka 1956. Historia inamwita daktari na katekista. Je, mtoto yule wa Algeria, aliyekuwa bado anasikiliza tu, tumwite nani?

"Mpagani" halifai. Asili yake ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni mtu wa kijijini. Huko Ufipa imani ilistawi vijijini hasa, kwa wakulima wa ulezi na mahindi; kulitumia neno hilo kumtaja asiyeamini ni kuibeba dharau ya watu wa mjini wa Roma.

"Mwongofu" ni neno zuri, nami nalipenda umbo lake: ongoa, ongoka, mwongofu. Lakini litazame likiwa na ndugu yake: potoa, potoka, mpotofu. Ukimwita mtu mwongofu umeshasema kwamba jana alikuwa mpotofu. Kijana aliyelelewa na bibi yake kuheshimu wakubwa na kuwakumbuka wazee waliotangulia, awe wa Kichina au wa Kifipa, hakuja shuleni akiwa amepotoka. Tena kiambishi -fu hapa hutaja hali iliyokwisha kutimia, na huyu safari yake haijatimia. Neno hili tumwachie mtu ajiite mwenyewe.

"Msomaji" lina historia tamu. Huko Buganda Wakristo wa mwanzo waliitwa wasomi, yaani wasomaji, na hadi leo kitenzi kilekile cha Kiganda chatumika kwa kusoma na kwa kwenda kusali. Sisi nasi husema mtu "anasoma dini". Tatizo ni kwamba shuleni kila mtu ni msomaji, hata wa hesabu.

Linabaki "mkatekumeni". Mzizi wake wa Kigiriki unahusu sauti inayovuma hadi sikioni. Katekista ndiye mwenye kuivumisha, mkatekumeni ndiye inayemfikia. Jozi hii inapendeza, ila kwa sikio la Mswahili imezibwa: nani asiyejua Kigiriki ataisikia hiyo sauti? Isitoshe, mkatekumeni ni mtu aliyekwisha kupokelewa rasmi. Kardinali Lavigerie, aliyewaanzisha Mapadre Weupe mwaka 1868, aliagiza miaka minne ya maandalizi ya ubatizo, nayo aliigawa hatua mbili, ukatekumeni ukiwa wa pili. Alitambua kwamba mlangoni kuna zaidi ya kizingiti kimoja.

Wachina wametutangulia hapa. Kwao anayeikaribia imani huitwa mudaoyou: rafiki aitamaniye njia. Neno hili halina upotofu, wala halitaji ujinga, na urafiki umewekwa ndani ya jina lenyewe. Anayekumbuka kwamba katika Matendo ya Mitume imani ya Kikristo huitwa "Njia" ataona jinsi lilivyokaa sawasawa. Huko kwao maneno ya dini yamepimwa kwa makini tangu zamani, hata na Roma. Mwaka 1715 Papa Klementi wa Kumi na Moja aliamuru Mungu aitwe Tianzhu, Bwana wa Mbingu, akayakataza majina ya kale ya Kichina ambayo baadhi ya wamisionari waliyakubali. Mfipa, ambaye naye ana jina lake la kale la Mungu, Leza, linalokaribiana na Lesa la Wabemba, anaelewa jina kama hayo linabeba nini.

Nilijaribu "mtamaninjia", likanikataa mdomoni. Lina harufu ya kiwandani. Napendekeza "msikizi". Ni neno letu, latoka kwenye kusikiza, kusikia kwa makusudi, na linafikia mzizi uleule wa mkatekumeni bila kupita Ugiriki. Tofauti na "msikivu", halina kiasi cha utii ndani yake. Msikizi aweza kusikiza mwaka mzima na bado akasema hapana. Kipindi chake kiwe "usikizi". Mwalimu wa dini ataweza kuandika katika daftari lake: wabatizwa ishirini, wakatekumeni wanne, wasikizi tisa, na yule kijana wa Kichina atajikuta ana mahali pa jina lake.

Ninyi wa Kaengesa, Kate na Kirando mnaokijua Kifipa kwa undani, leteni neno lenu la kusikiza kwa makusudi. Likiwa tamu kuliko msikizi, nitalichukua.